Kapu la Mikate Juu ya Altare

Juu kabisa, nyuma ya altare kuu ya kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa, kuna wanaume wawili waliobeba kapu. Kapu limejaa mikate, limening'inizwa kwenye mti, na ncha za mti zimelala mabegani mwao, mmoja mbele mwingine nyuma, kama watu wanavyobeba mzigo uliomshinda mtu mmoja. Wameumbwa kwa vipande vya kioo cha rangi vilivyoungwa kwa metali ya risasi miaka 800 iliyopita. Juu yao, katika dirisha hilohilo, ameketi Bikira Maria na Mtoto. Ukitafuta mahali pa heshima kupita pote katika jengo lile, ni pale. Mfalme angepataka, askofu angepataka, lakini wamewekwa waokaji mikate.

Wengi wanaoandika habari za Chartres watakueleza kwamba waokaji ndio waliolipia dirisha hilo. Husimuliwa kwamba kanisa lilipoungua, kila kundi la mafundi lilichanga kwa moyo mkunjufu: waokaji wakatoa lao, washona viatu lao, wauza manyoya lao, wachinja nyama lao, na kila kundi likaweka picha yake chini ya dirisha, kama mtu anayeandika jina lake kwenye daftari la michango. Hesabu ya kawaida inataja madirisha zaidi ya 40 yenye picha za wafanyakazi, kati ya madirisha yapatayo 176 ya kanisa zima.

Simulizi hiyo ni tamu. Nimeipenda kwa muda mrefu na nimeirudia mbele za watu mara nyingi. Leo siiamini tena, angalau siiamini ilivyo, na nadhani kila anayeyapenda madirisha yale ana haki ya kujua kwa nini.

Tuanzie kwenye moto. Chartres ni mji uliokaa juu ya kilima katika nyanda za Beauce, nchi ya ngano inayotandaa hadi jicho linachoka, na minara ya kanisa huonekana kutoka mbali sana, kama milingoti ya jahazi kabla hujaliona jahazi lenyewe. Mnamo Juni 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa lake. Kilichobaki ni uso wa magharibi wenye minara miwili, madirisha matatu marefu ya upande huo yaliyotengenezwa katikati ya karne ya 12, na kripta, yaani kanisa dogo lililo chini ya kanisa. Watu walidhani wamepoteza pia masalia yaliyowapa riziki: vazi ambalo kwa mapokeo yao Bikira Maria alilivaa alipomzaa Yesu. Vazi hilo ndilo lililowavuta mahujaji, na mahujaji ndio waliojaza nyumba za wageni na meza za wauzaji. Siku chache baada ya moto, mapadre waliokuwa wamejifungia chini wakatoka nalo likiwa zima. Ujenzi mpya ukaanza mara moja. Kufikia mwaka 1220 hivi, matao ya dari yalikuwa yamekamilika, na madirisha mengi yaliwekwa kati ya 1205 na 1235. Kanisa liliwekwa wakfu tarehe 24 Oktoba 1260.

Eneo la vioo ni zaidi ya mita za mraba 2,500. Namba kama hiyo haisemi kitu mpaka ujue kazi iliyomo ndani ya kipande kimoja.

Kioo cha enzi hizo kilitokana na mchanga na majivu ya kuni, vikayeyushwa tanuruni. Rangi haikupakwa juu yake kama tunavyopaka ukuta. Ilichanganywa ndani kikiwa uji wa moto. Kobalti ilileta bluu, shaba ilileta nyekundu au kijani kutegemea namna moto ulivyoendeshwa. Nyekundu ilikuwa na kisirani chake: kioo chote kikiwa chekundu, mwanga haupiti, huonekana cheusi tii. Mafundi walifanya rangi ikae katika matabaka membamba ndani ya kioo kisicho na rangi, na ndiyo maana ukikitazama kwa karibu kioo chekundu cha Chartres utaona michirizi, kama mishipa ya damu chini ya ngozi.

Mtawa aliyejiita Theophilus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 12, ametuachia maelezo ya hatua zilizofuata. Fundi alichukua ubao akaupaka chokaa, akachora juu yake dirisha lote kwa ukubwa wake halisi, kila mkunjo wa nguo na kila kidole. Kisha aliweka kioo juu ya mchoro na kupitisha chuma cha moto kwenye mstari hadi kioo kikapasuka. Kingo zilizobaki zikiwa na menomeno alizing'ata kidogokidogo kwa chuma chenye pengo hadi kipande kikakaa sawasawa na umbo lake. Macho, nywele, kucha na nyuzi za kitambaa alivichora kwa rangi nyeusi iliyotokana na unga wa madini na kioo kilichosagwa, ukakorogwa kwa divai au mkojo. Vipande vikarudi motoni ili rangi iungane na kioo. Mwisho vilipangwa tena kwenye ubao na kuungwa kwa fito za risasi zenye mfereji kila upande, na viungo vikalehemiwa kwa bati.

Risasi ndiyo iliyoifanya sanaa hii iwezekane, na ndiyo inayoichosha. Ni metali laini. Hupinda kufuata umbo la shavu au bawa la malaika, lakini kwa uzito, upepo, joto la mchana na baridi ya usiku, hulegea na kupasuka, na baada ya miaka mia moja au zaidi kidogo lazima mtu apande jukwaa akaibadilishe. (Wapo wanaosema kwamba kioo chenyewe hutiririka polepole kwa karne nyingi, ndiyo maana vioo vya kale ni vinene upande mmoja. Si kweli. Unene haulingani kwa sababu kioo kilipulizwa kwa pumzi ya mtu na kuviringishwa kwa mkono.)

Sasa turudi kwa wafanyakazi walioonyeshwa mle. Chagua dirisha la Msamaria Mwema, lililo chini, upande wa kusini. Madirisha haya husomwa kuanzia chini kwenda juu. Chini kabisa, pale jicho la mtu aliyesimama sakafuni linapofika bila taabu, washona viatu wako kazini, wameinamia ngozi yao. Juu yao Yesu anatoa mfano. Mtu anatoka Yerusalemu, wanyang'anyi wanamvamia, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamfunga majeraha na kumpeleka kwenye nyumba ya wageni. Hapo ungetegemea hadithi iishe. Haiishi. Juu zaidi unamkuta Mungu akimuumba Adamu, kisha Hawa, tunda, kufukuzwa bustanini, na Kaini akimuua Abeli. Hadithi mbili zimepandana kwa sababu mababa wa Kanisa walifundisha kwamba yule aliyepigwa njiani ni Adamu, yaani sisi sote, na Msamaria ni Kristo.

Hapa inabidi niseme neno juu ya msemo mmoja unaorudiwa kupita kiasi, kwamba madirisha ya rangi yalikuwa Biblia ya wasiojua kusoma. Wazo hilo linatokana na barua za Papa Gregori Mkuu kwa Serenus, askofu wa Marseille, karibu mwaka 600, alipomkemea kwa kuvunja picha kanisani. Gregori alikuwa akizungumzia picha za ukutani, na alikuwa akizitetea zisivunjwe. Mshona viatu wa Chartres asingeweza kuelewa peke yake kwa nini Adamu amesimama juu ya kichwa cha Msamaria. Alihitaji mtu wa kumweleza, na mwenye maelezo alikuwa padre. Na dirisha la waokaji liko juu mno kiasi kwamba hata leo watu hutumia darubini. Sasa mtu asiyejua kusoma alipandishiwa Biblia hadi kule ili aisome vipi?

Kwa hiyo swali la nani alipanga picha hizi lina uzito. Aliyepanga ndiye aliyeamua kwamba mwoka mikate aonekane vile, amebeba kapu, mtulivu, akielekea altareni.

Chartres ya wakati ule haikuwa tulivu. Mji ulikuwa na mabwana wawili. Upande mmoja alikuwepo mtawala wa jimbo, au mkewe akiwa mjane, na maofisa wake wa kodi. Upande wa pili lilikuwepo baraza la makanoni, mapadre wa kanisa kuu, matajiri wakubwa kutokana na ngano ya Beauce. Kulizunguka kanisa kulikuwa na eneo la makanoni ambamo kodi za mtawala hazikuingia, na humo wafanyabiashara walipanga meza zao, hasa wakati wa magulio makubwa manne yaliyofanyika katika sikukuu za Bikira Maria: 2 Februari, 25 Machi, 15 Agosti na 8 Septemba. Makanoni walidai pia haki juu ya mafundi wengi wanaoishi mjini, kwamba hao ni watu wao na wasiguswe na mtoza kodi wa mtawala. Unaweza kukisia jirani aliyelipa kodi mbili alivyomtazama jirani asiyelipa hata moja.

Mnamo Oktoba 1210 hasira zililipuka. Umati wa watu wa mji uliivamia nyumba ya dekano, mkuu wa baraza la makanoni. Makanoni walijibu kwa silaha yao, wakasimamisha huduma za ibada mjini, na Mfalme Philippe Auguste akaingilia kati kwa upande wao. Mwaka 1210, tafadhali. Ni miaka ileile ambayo mafundi wa vioo walikuwa juu ya majukwaa, wakiweka paneli za wafanyakazi watulivu wanaomtolea Bikira Maria matunda ya kazi yao.

Mwanahistoria wa Marekani Jane Welch Williams aliishika nyuzi hii mwaka 1993 na kuivuta mpaka mwisho. Hoja yake ni kwamba wakati huo mafundi wa Chartres hawakuwa na vyama rasmi vyenye katiba na hazina yake, vyama ambavyo vingeweza kuagiza na kulipia madirisha makubwa namna ile. Hakuna mkataba uliobaki, wala hesabu ya ujenzi. Ushahidi wote wa ule mchango ni picha zenyewe, na picha zilipangwa na makanoni. Anaonyesha pia kwamba mkate, divai na fedha vinarudiwarudiwa kuliko kazi nyingine, na kwamba vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyogusa altare na mifuko ya makanoni. Mkate na divai ni vya Ekaristi. Katika dirisha la Mtakatifu Lubin, mchunga kondoo aliyekuja kuwa askofu wa Chartres, wenye vilabu wanachota divai na kuwapa wateja, na divai hiyohiyo inapanda hadi kwenye kikombe cha misa. Wabadilisha fedha, waliokuwa na meza zao katika eneo la makanoni, wamewekwa chini ya dirisha la Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake.

Wapo wataalamu wasiokubaliana naye, wanaoona kwamba kutokuwepo kwa vyama rasmi hakuzuii waumini wa kazi moja kuchangishana kupitia udugu wa kidini. Hoja hiyo ina nguvu, na siwezi kuipuuza. Kuna hata paneli ambamo washona viatu wanaonekana wakitoa mfano wa dirisha kwa mikono yao. Lakini tukumbuke kwamba anayechora mtu akitoa kwa furaha hajathibitisha kwamba mtu huyo alitoa kwa furaha.

Mimi naona hivi. Fedha za madirisha zilitoka kwa waokaji kwa vyovyote. Zilitoka kama ushuru wa meza sokoni, kama kodi ya pango, kama sadaka ya mikate iliyodaiwa siku za sikukuu, kama sehemu ya kumi ya ngano iliyosagwa kabla haijawafikia. Zilipofika kwa makanoni zilikuwa zimepoteza jina. Kisha makanoni wakazirudishia jina kwenye kioo, kwa namna iliyowafaa wao. Hilo haliwafanyi kuwa wezi, wala halipunguzi chochote katika uzuri wa kazi ile. Linamrudishia mwoka mikate ugumu wa maisha yake, ambao simulizi ya mchango wa hiari ilimnyang'anya.

Na kuna jambo ambalo waliopanga picha huenda hawakulikusudia. Linganisha sahihi za wakubwa. Dirisha la waridi, yaani lile kubwa la mviringo, la kaskazini limejaa ngome za dhahabu na mayungiyungi, alama za Malkia Blanche wa Castile na nyumba ya kifalme ya Ufaransa. La kusini lina nembo za Pierre de Dreux, mtawala wa Bretagne, na chini yake yeye na familia yake wamechorwa wakisali. Katika madirisha ya juu wako mashujaa wamepanda farasi, ngao mkononi. Wakubwa wamejitambulisha kwa nembo. Mwoka mikate hana nembo, ana kapu. Mhunzi ana nyundo, mtengeneza mapipa ana pipa, seremala ana shoka. Katika kanisa lile lote, kundi kubwa la watu wa zama zao wanaoonekana wakifanya kazi kwa mikono ni hawa wa chini. Tunajua leo mtu wa 1215 alivyoinama kuchonga gurudumu kwa sababu makanoni walitaka kumweka mahali pake.

Ikiwa umoja wa mji na madirisha yake haukuzaliwa siku ya kutoa, ulizaliwa lini? Nadhani ulizaliwa polepole, katika miaka ya kutunza, na haukuanzia kwa waliokabidhiwa kutunza.

Hasara kubwa ya vioo vya Chartres haikuletwa na adui. Katika karne ya 18 makanoni wenyewe waliona kanisa lao lina giza. Ladha ilikuwa imebadilika. Walitaka mwanga mweupe uangukie mapambo mapya ya marumaru na sanamu kubwa ya Bikira Maria akipalizwa mbinguni iliyowekwa altareni. Wakaagiza madirisha kadhaa ya kale yaondolewe, mengine ya kwaya, yaani sehemu ya kanisa inayozunguka altare, yakawekwa vioo vyeupe. Vioo vya karne ya 13 vilivyookoka vita na tufani vikaondolewa na wenye nyumba ili waone vizuri zaidi.

Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Kanisa lilinusurika kubomolewa, lakini paa lake lilikuwa la mabamba ya risasi, na jamhuri changa iliyokuwa vitani ilihitaji risasi. Katika lugha yetu neno ni moja, na hapo linasema ukweli mtupu: metali iliyofunika kanisa ilivuliwa iende bundukini. Mvua ikaingia kwa miaka. Mwaka 1836 moto mwingine ukateketeza msitu wote wa mbao uliobeba paa. Matao ya mawe yakazuia, madirisha yakabaki, na paa likajengwa upya kwa chuma na kuezekwa shaba, ambayo leo imegeuka kijani.

Kisha vita viwili vikuu, na hapo ndipo naona mji ukiyakumbatia madirisha haya kwa mikono yake. Mwaka 1918, mabomu yalipokaribia, vioo vilishushwa. Somo lile halikusahauliwa. Katika miaka ya 1930 mipango iliandaliwa mapema, na vita vilipokaribia mwishoni mwa Agosti 1939 kazi ikaanza, ikamalizika kwa siku chache tu. Iliwezekana kwa sababu ya akili ya wale mafundi wa kale: dirisha refu kama jengo la ghorofa kadhaa ni mkusanyiko wa paneli ndogondogo, kila moja imeshikiliwa peke yake kwenye fremu ya chuma, na mtu anaweza kuichomoa na kuibeba. Mafundi, wanajeshi na wenyeji walizishusha moja baada ya nyingine, wakazipanga kwenye makasha, wakayashusha makasha hadi kripta, kulekule lile vazi lilikookolewa mwaka 1194. Mwaka uliofuata yalisafirishwa kusini hadi kwenye machimbo ya mawe huko Dordogne. Ndani ya kanisa, kwa miaka ile ya vita, hapakuwa na bluu wala nyekundu.

Bado jengo lenyewe lingeweza kupotea. Tarehe 16 Agosti 1944 majeshi ya Marekani yalikuwa yakipigania Chartres, na kulikuwa na mashaka kwamba Wajerumani wanaitumia minara ya kanisa kuelekeza mizinga yao. Kanali Welborn Griffith, mzaliwa wa Texas, alikataa kanisa lipigwe kwa kukisia. Akaenda mwenyewe na dereva wake, akalikagua, akapanda mnara, akalikuta tupu, akatoa ishara lisipigwe. Siku hiyohiyo aliuawa katika kijiji cha Lèves, jirani tu na hapo. Vita vilipokwisha makasha yalirudi, na kurudisha paneli mahali pake kukachukua miaka, si siku chache.

Adui wa sasa hana bunduki. Vioo vya karne ya 12 vya upande wa magharibi vina bluu angavu yenye soda nyingi, nayo imestahimili vizuri ajabu. Vya karne ya 13 vilitiwa majivu ya kuni yenye potashi, na potashi huondolewa na unyevunyevu. Maji yakikaa juu ya kioo, na hewa ikiwa na moshi wa makaa na magari, kioo hutoboka vishimo na kuota gamba jeupe la chumvi. Ndani, pumzi za watu na moshi wa mishumaa hufanya yao. Hivyo swali la kusafisha au kutosafisha limewagawa watu tena, kama kodi ilivyowagawa zamani. Mwaka 1976, baada ya madirisha matatu ya magharibi kusafishwa na kupakwa utando wa kinga, wachoraji Jean Bazaine na Alfred Manessier walikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba ile bluu imepoteza kina chake. Tangu 2009, kuta za ndani zilipoanza kusafishwa na kupakwa rangi ya maziwa kama zilivyokuwa karne ya 13, ugomvi umekuwa mkubwa zaidi: wengine wanasema giza lile la karne nyingi lilikuwa sehemu ya sala, na kwamba madirisha huwaka vizuri kwenye ukuta mweusi.

Nawaelewa, na hata hivyo siko upande wao. Giza lile lilikuwa masizi. Na kinga ya kioo cha pili, kinachowekwa upande wa nje ili kile cha kale kikae pakavu hewa ikipita katikati, ndiyo njia ninayoiona ya heshima zaidi, kwa sababu haigusi kazi ya mkono wa kale na inaweza kuondolewa siku watu wakipata njia bora. Inapunguza kidogo mng'ao ukitazama kanisa kutoka nje. Nakubali hasara hiyo. Sikubali kuona sura ya mwoka mikate ikiliwa na chumvi ili mtalii apate picha nzuri ya nje.

Kwenye karne ya 19 ufundi wenyewe ulirudi mjini. Nicolas Lorin alianzisha karakana ya vioo iliyokuja kukaa Chartres, na kazi zake zikapelekwa makanisa ya nchi nyingi. Karakana hiyo ndiyo iliyotengeneza madirisha mawili ambayo mhujaji mwenye haraka huyapita bila kuyaona. Moja ni la mwaka 1954, la Mtakatifu Fulbert, askofu wa Chartres wa karne ya 11, zawadi ya wasanifu majengo wa Marekani. Jingine ni la 1971, dirisha la amani, zawadi ya marafiki wa kanisa hilo walioko Ujerumani. Yote mawili yalibuniwa na François Lorin. Hapa hakuna haja ya kubishana nani alilipa: inajulikana, na walitoa kwa hiari, Wamarekani miaka 10 na Wajerumani miaka 27 baada ya Kanali Griffith kufa Lèves.

Karakana iko sehemu ya chini ya mji, kando ya mto Eure, mbali kidogo na mahujaji. Anwani yake ni Rue de la Tannerie, Mtaa wa Watengeneza Ngozi, kwa kuwa hapo mtoni ndipo ngozi zilipolowekwa na kulainishwa kabla ya kupanda kilima hadi mikononi mwa washona viatu.